Bwawa la Mzee Hamira

Mume wangu hajawahi kuua hata panya kwa furaha. Leo mtaa mzima unamjua kama mzee aliyewaua samaki wake mwenyewe, na anayesimulia ni yeye. Anasimama langoni, anamshika mpita njia mkono, anaanza. Nikiisikia sauti yake huko nje nafunga dirisha, maana nisipofunga nitatoka na mwiko mkononi, na sijui nitampiga nani.

Basi acheni nimsimulie mimi, kwa sababu yeye siku hizi anasimulia hayo ya samaki tu.

Hamira si jina lake, ni jina la kiwandani. Aliingia kiwanda cha mikate hajaota ndevu, akatoka ndevu nyeupe. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu akipata joto kidogo tu anaumuka. Mtu akitupa trei badala ya kuiweka, huyo ameumuka. Mgeni wa kazi akifungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, utasikia sauti mpaka barabarani. Lakini hasira zake zilikuwa za kupanda na kushuka, na mtu aliyemfokea asubuhi ndiye aliyekula naye mchana sahani moja. Mikono yake ina alama za moto kuanzia viganja mpaka viwiko. Nilipoziona mara ya kwanza, siku alipokuja kwetu kuposa, nilidhani ni ugonjwa, nikamnong'oneza shoga yangu, tukacheka mpaka mama akatufukuza sebuleni.

Pale kiwandani walikuwa na mtindo wao. Anayetia chumvi kwenye unga lazima aligeuze kopo la chumvi kichwa chini pale mezani. Anayekuja nyuma yake akilikuta limepinduliwa anajua chumvi imeshaingia. Unga ukiutazama haukuambii kitu, na kwa kelele za mashine zile kila mtu anaweza kuapa kwamba hajatia. "Mimi kichwa changu sikiamini," alikuwa akiniambia, "naamini kopo." Mtindo huo akauleta nyumbani. Akimeza dawa yake ya presha, chupa inalala kichwa chini mpaka kesho. Nikimtania kwamba siku moja atanipindua na mimi, anasema nimeshapinduka zamani, ndiyo maana nikakubali kuolewa na mwoka mikate.

Alipostaafu akaanza kusahau. Sitaki kudanganya, alisahau kweli. Aliacha bomba la jikoni wazi, tukarudi tukakuta kandambili zinaelea ukumbini. Alibandika sufuria jikoni akaenda kunyolewa, akarudi amependeza, nyumba imejaa moshi. Siku moja akamwita binti yetu kwa jina la shangazi yake aliyefariki. Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini binti, nilimwona.

Binti huyo ni kifungua mimba wangu. Ni muuguzi, mtu wa kusimama wima na kusema jambo mara moja tu. Mdogo wake wa kiume ni karani wa bima, anakaa ghorofa ya tatu katikati ya mji. Tuna watoto hao wawili. Wakakaa, wakashauriana, wakaja kutuambia: nyumba ipangishwe, sisi tuhamie kwa kijana, huko kwenye ghorofa, ambako baba yao hatakuwa na jiko la kuwasha wala bomba la kusahau.

Hamira akaumuka. "Mnanihamisha kama kabati? Nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii!" Akawaonesha mikono.

"Baba, watu kama wewe mimi nawaona kila siku wodini," binti akasema. "Wote husema hivyo hivyo."

"Basi nipeni kitu nikilee. Kitu kinachokula kila siku, kinachohitaji mtu mwenye akili zake. Nikishindwa nitafunga mizigo mwenyewe, hamtasikia neno."

Kijana akacheka, lakini binti hakucheka. Alimtazama baba yake muda, akasema haya, tukubaliane. Kitu hicho kikikua salama, hawataligusa tena suala la kuhama. Ndivyo lilivyozaliwa bwawa.

Lilichimbwa nyuma ya nyumba, kati ya banda la kuku na ukuta, si kubwa, mtu mzima akiingia maji yanamfika kiunoni. Likatandikwa karatasi ngumu ya nailoni, likajazwa maji, likaachwa litulie. Kisha akaja mama mmoja anayeuza vifaranga vya samaki, na gari lake dogo lililojaa mifuko ya maji iliyotuna. Ndani ya mifuko vifaranga vya perege, vidogo kama kidole changu cha mwisho. Mama huyo aliilaza mifuko juu ya maji kwanza, ikaelea bila kufunguliwa, ili samaki wazoee joto la bwawa. Alipoifungua wakatoka wakazama chini, hatukuwaona tena.

"Leo usiwape kitu," akamwambia mume wangu. "Samaki mgeni ana hofu, hali. Kesho unawapa kidogo sana, kona moja, saa ile ile. Wasipokuja, usiongeze. Hapo ndipo watu wengi wanapowaua. Mtu anaona hawaji, anatupa zaidi. Kile chakula kinazama, kinaoza, kinamaliza hewa yote ya kwenye maji, asubuhi unawakuta wamegeuka matumbo juu."

"Kumbe ni kama unga," Hamira akasema. "Ukiuharakisha umeuharibu."

Basi akawa na maisha tena, jamani. Chakula cha samaki alikitia kwenye kopo la maziwa. Asubuhi anakwenda, anakaa juu ya kreti tupu la soda, anatupa kidogo kwenye kona ya ukutani, anangoja, kisha analipindua kopo juu ya tofali. Jioni analiinua, anawapa tena, analipindua upande wa pili wa kreti. Nilimchunga mimi kwa macho yangu, na sikumwona akikosea. Siku za mwanzo samaki hawakuja kabisa. Nikamwambia labda wamekufa. "Wana haya," akasema. "Mimi siku ya kwanza nyumbani kwenu nilikula nini? Mama yako alinipakulia sahani imefurika, nikasema nimeshiba, na njaa inaniuma. Waache."

Kisha asubuhi moja akaniita kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye siri. Nikatoka na vitunguu mkononi. Pale kwenye kona maji yalikuwa yanacheza, vidomo vidogo vinatoka na kuzama. Alinishika mkono tu, na vitunguu vyangu. Walikuwa wachache, na ukitikisika kidogo wanatoweka, lakini walikuja. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu, mtu mzima kufurahia midomo ya samaki.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile.

Dada yangu alikuwa mgonjwa, anakaa upande wa pili wa mji, tukaenda kumwona. Binti alikuwa amekuja na wanawe wawili kufua, kwao maji yalikuwa yamekatika. Kabla ya kutoka Hamira aliwapa samaki chakula chao, akalipindua kopo, akamwambia binti yake nikiwa nasikia: "Wameshakula. Usiwape kitu." Binti akajibu, "Haya, Baba," huku anakamua shuka. Tuliporudi giza lilikuwa limeshaingia, saa ya samaki ya jioni imepita, na binti alikuwa ameshaondoka, nguo zake zimeanuliwa, geti limefungwa. Mimi nikaenda kuvua viatu, mume wangu akazunguka nyuma mara moja kufunga banda la kuku.

Asubuhi nilisikia akiniita, na haikuwa sauti ile ya siri.

Bwawa zima lilikuwa jeupe. Juu yake maganda ya mkate yamevimba, mengine yamegandamana pembeni kama ukoko wa uji, na harufu ya uchachu inatoka pale kana kwamba tumefungua tanuri. Kati ya maganda hayo samaki, matumbo juu, wote. Ukutani gunia tupu.

Gunia hilo lazima nilieleze. Kiwanda kina wema wake kwa wastaafu: mikate iliyorudishwa madukani bila kuuzwa hupewa wazee wenye kuku. Dereva wa kiwanda hutuletea gunia, analiingiza mwenyewe stoo, na Hamira huikausha mikate, huisaga, huwalisha kuku. Kwa hiyo nyumba yetu haikosi mkate mkavu, na mtu anayeushughulikia ni mmoja.

Watoto wakaja siku hiyo hiyo. Tukakaa sebuleni. Hamira alikuwa bado na suruali iliyolowa, amewatoa samaki kwa mikono mmoja mmoja, amekataa wavu.

"Baba," kijana akauliza kwa upole, "hapa nyumbani nani mwingine anagusa mkate?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililonichoma.

"Mimi sikutupa mkate!" Hamira akasema. "Kopo nililipindua! Mama yenu aliona! Nendeni mkaangalie!"

"Kopo ni la chakula cha samaki," binti akasema. "Mkate ni jambo jingine, Baba. Uliporudi ulikwenda nyuma peke yako. Hukumbuki tu."

"Kama sikumbuki, nitajuaje kwamba nilifanya?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema, kwa ile sauti yao ya wodini. "Ndio ugonjwa wenyewe."

Nikamgeukia. "Wewe ulipoondoka, maji yalikuwaje?"

"Sikuangalia, Mama."

Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini mtoto niliyemzaa, aliyekaa pale ameshika mkono wa baba yake? Na mume wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta uso mmoja wa kumwambia hapana. Hakuupata. Nikaona hasira ikimshuka, na haikushuka kama siku zote, ya kupumzika ili ipande tena. Mabega yalilegea. "Labda," akasema.

Loo! Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake miaka yote. Alikuwa mtu wa ndiyo au hapana.

Likaja kukua, hilo "labda". Aliyekuja kumsabahi alimwambia labda aliwapa mkate. Wiki iliyofuata ikawa, "Nadhani niliwapa mkate, unajua mimi ni mtu wa mkate." Mama wa vifaranga alipopita kuulizia hali yao, alimjibu bila kupepesa, "Niliwaua mimi. Uliniambia nisiongeze, nikaongeza." Mama wa watu akaniangalia, akaondoka. Na kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi, akaanza kufunga mizigo mwenyewe, kama alivyosema, bila neno. Alikunja makoti yake meupe ya kiwandani, ambayo hayavai tena, akayakunjua, akayakunja.

Pamoja na hayo akaacha kujiamini kwa mambo madogo. Ananiuliza kama amekunywa chai, na kikombe kiko mkononi. Anasimama mlangoni mwa bafu anauliza aingie au ameshaoga. Zamani alikuwa anasahau sufuria moja moja, na akiikumbuka anajicheka. Sasa alikuwa mtu anayeomba ruhusa ya kila kitu, na hakuna ugonjwa unaomshusha mtu hivyo kwa wiki tatu. Hayo yalifanywa na watu.

Jana binti alikuja kunisaidia kufunga vyombo. Kijana alikuwa ametuma picha za chumba tutakachokaa, binti akanipa simu yake nizitazame, yeye akapanda kwenye stuli kushusha sahani za kabatini. Nikaona kitanda, nikaona dirisha lenye nondo, nikasukuma kidole kuona picha nyingine. Haikuwa chumba. Ilikuwa picha inayotembea, ya nyuma ya nyumba yangu. Wajukuu zangu wawili wamesimama kando ya bwawa, gunia liko wazi miguuni mwao, wanamega mikate na kurusha. Mmoja anasema, "Mama, hawaji!" Na sauti ya mwanangu, inacheka, ya mtu anayeshika simu: "Rusheni zaidi, watakuja! Mwageni yote!"

Nilitazama mpaka mwisho. Kisha nikaitazama tena.

"Shuka," nikamwambia.

Akageuka, akaona kilichokuwa mkononi mwangu. Akashuka taratibu, na sahani bado amezikumbatia.

"Walitaka kuwaona tu, Mama. Watoto wale. Sikujua kama watakufa."

"Hilo naliamini. Na siku ile pale sebuleni, ulikuwa hujui?"

Akaziweka sahani mezani, moja juu ya nyingine.

"Ulikaa ukamshika mkono. Ulimwambia hakumbuki. Ulimwangalia machoni!"

"Mama, kwani ingebadilisha nini?" Sasa alikuwa analia, lakini maneno yake yalikuwa makavu. "Kama si mkate ingekuwa jiko. Mnataka nije nikute mmeungua humu ndani? Angekataa kuhama mpaka lini? Ilitokea tu, nikaona... nikaona iwe hivyo. Nimefanya kwa ajili yenu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umefanya kwa ajili ya usingizi wako."

Nilitamani kumpiga. Nasema waziwazi, nilitamani kumpiga mtu mzima mwenye watoto wawili na koti la uuguzi. Sikumpiga. Nikamwambia, "Nenda kamwambie. Sasa hivi. Na simu yako umwoneshe." Nikafikiri, mimi mjinga, kwamba nimeshika dawa mkononi. Nikajiona namtazama Hamira wangu akiumuka, akifoka mpaka barabarani, akimfukuza kila mtu na makasha yake, na nyumba inabaki nyumba. Nilimsukuma binti mbele yangu ukumbini nikiwa karibu kucheka.

Alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na makoti yake. Binti akapiga magoti sakafuni.

"Baba, si wewe. Ni mimi. Mimi na watoto ndio tuliowatupia samaki mkate. Nilinyamaza. Nisamehe, Baba."

Akamwekea mkono kichwani. "Una roho nzuri," akamwambia. "Unataka kunibebea aibu yangu."

"Hapana, Baba. Tazama." Akamfungulia simu. Hamira akavaa miwani, akatazama mpaka mwisho, akiwatabasamia wajukuu walipocheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika fremu, nangoja.

"Wana mikono myepesi hawa," akasema. "Sawa, nao walitupa kidogo. Watoto ndivyo walivyo."

"Walimwaga yote!" nikasema. "Gunia zima! Umeona mwenyewe!"

"Wao walimwaga lao. La kwangu nililimwaga jioni." Akavua miwani, akaikunja vizuri. "Nilifunga banda, nikaingia stoo, nikalitoa gunia. Nililibeba begani, hili la kulia. Nikasimama pale kwenye kona, nikasema, wanangu, leo kuleni mshibe. Maji yalinirukia mpaka kwenye soksi."

Mgongo wake haujabeba gunia tangu alipopasuliwa. Hata kiwandani walikuwa wamemkataza. Binti anajua, ndiye aliyemfunga bandeji. Alikuwa bado magotini, uso umempauka, anatikisa kichwa: "Baba, hapana, Baba, hapana," na baba yake anampapasa nywele kama anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya.

Kisha akaniinulia uso. Ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya vitunguu.

"Kila kitu nakumbuka," akaniambia. "Mpaka soksi. Unaona, mke wangu? Hili sijalisahau."